Walikimbia, ao walikuwa wamekwisha kimbia?

Neno moja dogo la Kiingereza limenisumbua kuliko yote niliyojifunza: "had". Katika skuli ya sekondari tuliambiwa maana yake ni kuwa na kitu zamani. Nilikuwa na mbuzi, nilikuwa na kitabu, basi. Kazi yake ya pili mwalimu aliipitia haraka siku ya mwisho kabla ya mtihani, na sisi tukaandika katika daftari bila kuuliza. Kazi hiyo ya pili ndiyo imenifanya niandike leo.

Ilikuwa katika kijiji kimoja kati ya Nyabiondo na Kashebere, kwenye barabara inayotoka Masisi-centre kwenda Walikale. Watu wenye silaha waliingia asubuhi. Nikampigia simu mama mmoja wa pale, muuzaji wa mihogo, ninayemfahamu tangu miaka. Alikuwa Kibua tayari. Akaniambia: "Baba, sisi tulikuwa tumesha toka. Wao walikuta milango tu." Kwenye redio nikasema vile vile, ya kwamba walipoingia walikuta wakaaji wamekwisha kimbia. Hakuna aliyelalamika.

Lakini kulikuwa shirika moja lililoniomba muhtasari kwa Kiingereza, mistari mitano tu, sababu wakubwa wao hawasomi Kiswahili wala Kifaransa. Nikaandika: "When the armed men came, the people left." Nikafurahi hata. Sentensi fupi, hakuna kosa la herufi.

Mwenye kusoma Kiingereza anaelewa nini hapo? Kwanza watu wenye silaha wakaja, kisha watu wakatoka, siku ile ile, mbele ya bunduki. Kama ningeandika "the people had left", maana ingegeuka yote: walipokuja, kijiji kilikuwa tupu. Neno moja la herufi tatu.

Shida ya kwanza ilikuja kwa simu. Mtu wa upande wa wale walioingia alikuwa amepata karatasi ile, sijui kwa njia gani, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ndugu mwandishi, ulituona tukifukuza nani?" Ninyi mnaoishi huku mnajua usiku wa namna gani unafuata simu kama hiyo. Lakini shida ya pili ndiyo imenibakia moyoni. Walipoandika majina ya wahami pale Kibua, walianzia tarehe ya asubuhi ile, sababu ripoti ilisema watu walitoka wakati huo. Yule mama alikuwa amefika siku mbili mbele. Akaambiwa yeye si wa tukio hili. Watoto wanne, na jina halikuandikwa.

Nimejiuliza sana kwa nini nilikosea, maana wakati huu wa kitendo si kitu kigeni kwetu. Kiswahili kinao: walikuwa wamekimbia. Kifaransa cha skuli kinao: "ils avaient fui". Mama wa mihogo, ambaye hakumaliza darasa la tatu, aliutumia bila kufikiri. Ni mimi mwenye cheti cha uandishi niliyeutupa njiani.

Nafikiri sababu ni hii: nilijifunza Kiingereza kwa kusikiliza wanaokizungumza, na wao wenyewe katika mazungumzo ya kila siku wanauacha mara nyingi. Wakisema "They left before the men came", inatosha, sababu neno "before" limekwisha onyesha nini kilitangulia. Vile vile na "after". Wakisimulia mambo kwa mpangilio wake, moja, pili, tatu, hawana lazima yake. Basi nikafikiri "had" ni pambo la vitabu. Sikuona kwamba wanaurudisha mara moja pale wanaporuka nyuma katika hadithi, hasa baada ya "when". Neno "when" peke yake halisemi nani alitangulia. Na Kiswahili kina mtego ule ule: ukisema "walipofika, watu walikimbia", umekwisha weka bunduki mbele na miguu nyuma.

Tena kuna ujanja wa kusikia. Waingereza wanalikata neno hilo hadi linabaki sauti ya "d" tu: "they'd left". Na "d" hiyo hiyo ni ya neno jingine, "would": "they'd leave" ni wangetoka. Mweke mtu huyo kwenye simu, mtandao wa Walikale unakatika kila dakika, uone kama utaisikia. Mwenzangu mmoja wa kigeni aliwahi kuniuliza jambo mara tatu, nami nikajibu ndiyo mara tatu, kumbe nilikuwa najibu swali lingine.

Wengine watasema ninapasua unywele. Nichukue basi jambo ambalo kila mtu analijua. M23 waliingia Walikale-centre tarehe 19 Machi 2025. Ninasikia watu wakisema mgodi wa bati wa Bisie ulifungwa Walikale ilipoanguka. Hapana. Kampuni ya Alphamin ilikuwa imekwisha tangaza kusimamisha kazi tarehe 13 Machi, siku sita mbele. Mji ulipotekwa, mashine zilikuwa zimenyamaza. Ni wakati waasi walipokuwa wametoka mjini, mwanzoni mwa Aprili, ndipo kampuni ilitangaza tarehe 9 kwamba itaanza tena polepole. Ukichanganya "ilifunga" na "ilikuwa imefunga", mfanyakazi aliyekosa mshahara wa siku hizo sita hajulikani alipoteza kazi kwa sababu ya nani.

Turudi Kibua. Niliandika barua ya kusahihisha, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, nikapiga mstari chini ya "had left". Walinijibu kwa heshima. Majina ya waliotangulia yaliongezwa kwenye orodha ya pili, majuma matatu nyuma. Majuma hayo matatu mama alikula kwa jamaa mmoja aliyekuwa na watu kumi na moja ndani ya nyumba ya mbao.

Tangu siku ile nimebadilisha swali langu. Zamani nilimuuliza shahidi: "Walipofika, ulifanya nini?" Sasa ninauliza: "Walipofika, wewe ulikuwa wapi?" Majibu si yale yale kabisa. Na nimeanza kusikia namna wahami wanavyosema wenyewe, bila mwalimu: nilikuwa nimepanda maharagwe, nilikuwa nimelipa minervali ya mtoto, tulikuwa tumeezeka nyumba mabati mapya.

Juma lililopita mama wa mihogo alinipigia. Nikamwomba msamaha tena. Akacheka kidogo, akasema: "Baba, usiandike tena ya kwangu. Ila ukiandika, sema nilikuwa nimeacha magunia mawili ndani ya nyumba. Hayo nayo hawakuyahesabu."