Nilipoulizwa Kama Lilikuwa Goli

Wengi wenu mmewahi kusimama kando ya uwanja usio na wavu. Miti miwili imechimbiwa huku, miwili kule, na juu pengine kamba, pengine hakuna kitu. Mpira unapigwa, unapita, na wa upande huu wanaruka wakipiga kelele, "Goli!" Wa upande ule wanasema umepita nje. Hapo mchezo husimama. Shuleni kwetu huko Ufipa, nilipokuwa mtoto, mechi moja na shule ya ng'ambo ya mto ilivunjika kwa sababu hiyo hiyo. Hata leo sisi twasema tulishinda, na wao wasema tulitoka sare.

Siku zile nilidhani kwamba dawa ya ugomvi huo ni wavu. Tukipata wavu, kila mtu ataona kwa macho yake, na kelele zitakoma. Basi nataka kuwaeleza mambo niliyoyaona Kanada, mahali penye wavu, na taa, na kamera za televisheni kila upande, jinsi watu wazima walivyogombana usiku kucha kwa ajili ya goli, na jinsi mimi mgeni nilivyoingizwa katikati yao nikaaibika.

Nilikwenda Halifax mwaka 2022 kusoma. Ni mji wa bandari, upande wa mashariki wa nchi ile, na baridi yake hupenya koti. Nilipanga chumba katika nyumba ya mtu na mkewe na mtoto wao wa kiume wa miaka tisa. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya nyumba, kwa maana huko nyumba nyingi zina vyumba vilivyochimbiwa ardhini. Walikuwa watu wema. Bibi wa nyumba alinipa soksi za sufu siku ya kwanza tu alipoona viatu vyangu. Jioni nilikuwa nikifagia ofisi ili nipate kodi, lakini Desemba ile kazi ilipungua, nami nikawa nadaiwa kodi ya miezi miwili. Bwana mwenye nyumba hakuniuliza hata mara moja. Mdaiwa asiyeulizwa hupata taabu kuliko anayeulizwa. Wenye madeni wanajua ninayosema.

Huko mchezo unaopendwa kuliko yote ni mpira wa magongo wa barafuni. Ngoja niwaeleze, kwani nami nilipouona mara ya kwanza nilidhani ni vita. Uwanja ni barafu tupu, urefu wake yapata mita 61 na upana mita 26, umezungushiwa ukuta wa mbao. Kila upande una watu sita, pamoja na kipa. Wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini kama kisu, wanateleza kwa kasi kushinda mtu wa baiskeli. Mpira wao si wa mviringo kama wetu. Ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, unene wake inchi moja, na upana wake inchi tatu. Ukikiweka kiganjani kinakaa kama andazi dogo lililoungua. Wanakipiga kwa magongo, nacho huruka hata jicho lisikione. Kipa amevaa magodoro miguuni na kizuizi cha uso, na mbele ya goli lake pamepakwa rangi ya buluu, ndiyo makao yake.

Sasa, makao hayo yana sheria. Mshambuliaji haruhusiwi kumzuia kipa asifanye kazi yake. Akimzuia, kisahani kikaingia, goli hufutwa. Lakini kama mlinzi wa kipa mwenyewe ndiye aliyemsukuma mshambuliaji akamwangukia kipa, basi si kosa la mshambuliaji, madhali alijaribu kujiepusha. Mwalimu wa timu anaweza kuwataka marefa waitazame tena picha ya televisheni. Akionekana amedai bure, timu yake hucheza pungufu mtu mmoja kwa dakika mbili. Mwaiona sheria ilivyotungwa kwa akili? Nami niliisifu, mpaka siku ninayotaka kuwasimulia.

Kila mwaka, kuanzia Krismasi mpaka baada ya Mwaka Mpya, kuna mashindano ya dunia ya vijana wasiotimiza miaka 20. Yale yaliyomalizika Januari 2023 yalikuwa yafanyike Urusi, katika miji ya Novosibirsk na Omsk, lakini Urusi ilipoivamia Ukraina mwaka 2022 yaliondolewa huko, yakapewa Halifax na Moncton. Basi mji wetu ulikuwa kama umeingiwa na harusi. Watu walivaa nguo nyekundu na nyeupe hata kazini. Wote walikuwa na jina moja mdomoni, Connor Bedard, kijana wa miaka 17 tu, ambaye katika mashindano yale peke yake alifunga magoli tisa na kusaidia kufungwa mengine 14.

Tarehe 4 Januari, siku ya Jumatano, Kanada ilikutana na Marekani katika nusu fainali. Nyumbani kwetu alikuwapo mgeni, kaka wa bibi wa nyumba, ambaye ameoa Marekani na kukaa huko miaka mingi hata akachukua uraia wa nchi hiyo. Ndiye peke yake aliyevaa shati la buluu. Shemeji yake alikuwa akimtania tangu asubuhi, naye akicheka. Tulikaa sebuleni watu kumi hivi, pamoja na majirani. Mimi nilikaa sakafuni karibu na yule mtoto, rafiki yangu. Nilikuwa nimemfundisha maneno machache ya Kiswahili: njaa, baridi, ndiyo, hapana. Neno "baridi" alilipenda sana, akilisema kila mlango ulipofunguliwa.

Marekani walianza kwa nguvu, wakapata magoli mawili. Sebule ikawa kama nyumba ya msiba, ila yule mgeni alikuwa akipiga makofi peke yake. Halafu Bedard akarudisha moja, na Kanada wakaamka. Sitawachosha kwa kila goli. Mwisho wake Kanada walipata sita, Marekani wakabaki na mawili yao. Kipa wa Kanada, Thomas Milic, alizuia mapigo zaidi ya arobaini usiku ule, na nadhani hata mama yake hakuamini.

Lakini hesabu hiyo haisemi yote. Mara mbili Marekani walitia kisahani wavuni, wakashangilia, na mara zote mbili goli likafutwa kwa kosa lile lile la kumzuia kipa. Kila mara marefa walitazama picha. Nasi nyumbani tukatazama picha ile ile, polepole, mara tatu, mara nne, kwa upande huu na upande ule. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba wavu si dawa. Hakuna aliyebishana kama kisahani kimeingia. Kimeingia, mtoto alikiona. Ugomvi ulikuwa juu ya namna kilivyoingia. Je, yule kijana alimgusa kipa au aliguswa naye? Kama alimgusa, ndicho kilichomzuia kipa, au angefungwa tu? Kamera yaweza kukuonyesha mguu juu ya mguu. Haiwezi kukuonyesha kwamba kipa angewahi.

Wakati picha ya goli moja ilipokuwa ikirudiwa, mtoto alinisogelea sikioni akauliza kwa sauti ndogo, "Goli?" Nikatazama. Kwa macho yangu ule mguso ulikuwa mdogo mno. Nikamjibu polepole, "Ndiyo." Kisha marefa wakalifuta, na nyumba nzima ikapaza sauti kwa furaha, name nikapiga makofi pamoja nao.

Mchezo ulipokwisha tukala, na maneno yakaanza mezani. Bwana mwenye nyumba akasema sheria ni sheria. Shemeji yake akasema sheria ndiyo, lakini marefa wameisoma wakiwa wamezungukwa na maelfu ya watu wenye nguo nyekundu. Jirani mmoja akasema, hata hivyo, sita kwa mbili. Mkiongezewa hayo mawili mnapata manne, bado mmefungwa. Hapo mgeni akaweka kijiko chini. Akasema goli si kama gunzi la mahindi, useme utaliongeza kwenye fungu na fungu libaki vile vile. Goli hubadili mioyo. Timu iliyofurahi na timu iliyonyang'anywa hazichezi sawa dakika zinazofuata. Nilimwona amesema kweli, na ningali naona hivyo, ingawa sijui mchezo ungekwishaje.

Sauti zikapanda. Yakatoka maneno yasiyohusu mchezo, habari za nani alihama na nani alibaki kuwatunza wazee. Bibi wa nyumba alikuwa akiangalia sahani yake. Kumbe ugomvi ule ulikuwa na mizizi ya zamani, na goli lilikuwa mvua tu.

Ndipo mgeni akanigeukia akasema, "Wewe si mtu wa Kanada wala wa Marekani. Huna upande. Tuambie ulivyoona." Wote wakanyamaza. Nikamtazama bwana mwenye nyumba, naye akanitazama, na katika macho yake sikuona deni hata kidogo. Lakini mimi nililiona. Niliona miezi miwili. Niliona theluji nje. Nikasema, "Marefa wameamua sawasawa. Kipa alizuiwa."

Bwana mwenye nyumba akanipiga begani kwa furaha. "Mwaona? Hata mgeni ameona!" Majirani wakacheka. Na katika kicheko kile mtoto akasema kwa sauti, bila ubaya wowote, kama anayemsahihisha mwenzake shuleni, "Lakini uliniambia *ndiyo*." Mama yake akamwuliza maana yake nini. Akasema, "Nilimwuliza kama ni goli, akasema *ndiyo*. *Ndiyo* maana yake ni kweli."

Nimewahi kuanguka mbele ya watu, nimewahi kushindwa mtihani, lakini sikupata kuona haya kama usiku ule. Mgeni hakushangilia. Aliniangalia kidogo tu, halafu akaendelea kula. Hilo lilinichoma kuliko kama angenicheka. Bwana mwenye nyumba aliinua mkono wake begani mwangu taratibu, akaenda jikoni.

Nilimfuata. Nikamwambia yote: kwamba niliona ni goli, kwamba nilisema vingine kwa sababu nadaiwa kodi, nikaogopa kumkasirisha katika nyumba yake. Alikaa kimya akifuta kikombe kilichokwisha kukauka. Mwisho akasema, "Kwa hiyo ulidhani nitakutoa nje kwa ajili ya mchezo wa watoto?" Nikasema sikudhani, niliogopa tu. Akasema, "Hayo ni mamoja." Kisha akauliza nimepungukiwa kiasi gani, tukapanga nitalipa nusu kila mwezi mpaka deni liishe, na kuanzia kesho yake nimwondolee theluji mlangoni asubuhi, kwa kuwa mgongo ulikuwa ukimsumbua. Nililimaliza deni lile mwezi wa Mei.

Alfajiri nilipokuwa na koleo nje, mgeni alitoka kupasha gari moto. Nikamwomba radhi. Akasema yeye naye alikosa, maana aliniuliza ili kunifanya jiwe la kumpigia shemeji yake, na jiwe haliulizwi kama linataka kurushwa. Halafu akaniuliza kama kwetu kuna barafu. Nikamsimulia habari za uwanja usio na wavu na shule ya ng'ambo ya mto, akacheka mpaka kioo cha gari kikaingia ukungu.

Alikuwa amekusudia kuondoka siku hiyo, lakini dada yake akamzuia. Akabaki, na siku hiyo ya tarehe 5 Januari Marekani yake ikapata nafasi ya tatu kwa kuifunga Sweden nane kwa saba katika dakika za nyongeza. Usiku tukakaa tena sebuleni, Kanada na Cheki wakicheza fainali. Kanada walitangulia kwa mawili, nao Wacheki wakayarudisha yote mawili. Ikawa dakika za nyongeza, atakayefunga kwanza ndiye mshindi. Dylan Guenther akapiga, kikaingia, tatu kwa mbili.

Nyumba nzima ilisimama. Lakini bwana mwenye nyumba, kabla ya kushangilia, alinyosha mkono kuwanyamazisha watu, akamwambia mwanawe, "Mwulize kwanza, kwa lugha yake."

Mtoto akanigeukia, uso umemkaza kama refa. "Goli?"

Nikatazama picha iliyorudiwa mpaka mwisho, huku wote wakiningoja, na yule mgeni akiniangalia kutoka kitini kwake.

"Ndiyo," nikasema.