Kalenda Ilirudi, Masomo Hayakurudi

Januari 2026 nchi nzima ilizungumzia Gredi ya 10: karo, sare na nani kaitwa shule gani. Kundi jingine liliingia Gredi ya 7 mwezi huohuo bila kelele. Hao ndio waliokuwa Gredi ya 1 mwaka 2020, shule za Kenya zilipofungwa kwa ajili ya korona, wakati ambapo mtoto huanza kuunganisha silabi na kugundua kwamba anaweza kusoma. Wadogo zao hawajui kwamba kengele za shule ziliwahi kunyamaza kote nchini, na hilo si kosa lao. Kinachouma ni sisi watu wazima kusahau, kisha kumlaumu mwanafunzi wa sekondari msingi kwa kushindwa kusoma swali la sayansi. Kufungwa kwa shule kuliwaumiza watoto, lakini jeraha lilikataa kupona kwa sababu ya haraka tuliyorudi nayo.

Tangazo lilitoka Jumapili, tarehe 15 Machi 2020, na wengi waliamini ni likizo ya wiki chache. Julai, marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba mwaka mzima wa masomo umepotea. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi Oktoba 12. Waliobaki walingoja hadi Januari 4, 2021. Tarehe hizo zinatosha. Kinachostahili kukumbukwa zaidi ni redio. Masomo yalipeperushwa na shirika la utangazaji la taifa, KBC, sauti ya mwalimu ikifika mahali ambapo intaneti haikufika, na waliotayarisha vipindi vile walifanya kazi ya heshima. Lakini mwalimu wa redio haoni uso wa mtoto aliyepotea njia. Hajui kwamba aliye mbele yake bado anachanganya b na d, wala hawezi kurudia sentensi kwa ajili ya mmoja. Kipindi kikishapita kimepita. Palipokuwa na redio moja na watoto watatu wa madarasa tofauti, na mzazi ametoka alfajiri kutafuta kibarua, betri zilitunzwa kwa taarifa ya habari. Shule za binafsi za mijini zilihamia Zoom, na pengo lililokuwapo tangu zamani likapanuka kila wiki. Hata hivyo si shule zote za binafsi zilizopona: huko Mwea, madarasa ya shule moja yaligeuzwa mabanda ya kuku ili mwenye shule apate riziki.

Ndipo ilipobainika kwamba shule ilikuwa imebeba mengi kuliko masomo. Kwa watoto wengi wa kaunti kame ilikuwa mlo wa uhakika wa mchana. Kwa wasichana ilikuwa ulinzi. Utafiti uliofanywa kaunti ya Siaya ulilinganisha wasichana waliomaliza sekondari kabla ya korona na wale waliokumbwa na kufungwa kwa shule. Kundi la pili lilikuwa na hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza masomo, na hatari mara 3 ya kuacha shule. Walioacha hawakuonekana katika orodha yoyote ya matokeo iliyosomwa baadaye.

Milango ilipofunguliwa, lengo likawa kuirudisha kalenda Januari. Kati ya Januari 2021 na Novemba 2022, wanafunzi walio wengi walimaliza mwaka wa 2020, wakafanya wa 2021, wakafanya na wa 2022: mihula 8 ndani ya muda ambao kwa kawaida huchukua mihula 6. Likizo zilikatwa na wiki za masomo zikapunguzwa, lakini silabasi ilitakiwa iishe. Mwalimu alilazimika kufundisha darasa lililoandikwa mlangoni, si mtoto aliyeketi mbele yake. Matokeo ya kwenda hivyo yalikuwa yameshaonekana kwingine. Baada ya tetemeko la Oktoba 2005 kaskazini mwa Pakistani, watafiti walirudi miaka 4 baadaye wakakuta familia zimejiinua kwa mali na nyumba. Watoto waliokuwa karibu na kitovu cha maafa, ambao kwa wastani walikosa shule kwa takriban wiki 14, walikuwa nyuma ya wenzao kwa mwaka mmoja na nusu. Walizidi kuachwa wakiwa ndani ya darasa, kwa sababu somo lilisonga bila kuwasubiri.

Wapo wanaosema matokeo ya mitihani yanakanusha haya, kwa kuwa waliopata C+ na zaidi katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, walikuwa 125,746 mwaka 2019 na 143,140 katika mtihani wa 2020. Lakini watahiniwa waliongezeka pia, na Kidato cha 4 walikuwa kati ya waliotangulia kurudi na kupewa nguvu za walimu. Mtihani huo hauwezi kumsemea mtoto wa Gredi ya 1, wala msichana aliyekwisha kuacha shule. Wengine hukumbusha kwamba watoto hawakuwa wakisoma vizuri hata kabla ya korona. Ni kweli, tathmini za kusoma na hesabu za Uwezo zililisema hilo kwa miaka mingi. Tathmini ya shirika la Usawa Agenda ya 2021 nayo ilikuta takriban wawili tu kati ya watano wa Gredi ya 4 wakimudu hadithi ya Kiingereza ya Gredi ya 3. Hilo linaongeza uzito wa hoja: aliyeingia katika janga akiwa dhaifu ndiye wa kwanza kuachwa mwendo unapoongezwa. Wala sisemi shule zisingefungwa. Katika Machi ile hofu ilikuwa na sababu, lakini sababu ya kufunga haihalalishi namna tulivyorudi.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio: moto wa mabweni mwishoni mwa 2021, kalenda kurejea Januari 2023, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, kufutwa, mabishano ya sekondari msingi. Katika mbio hizo fidia ya masomo haikupata nafasi yake, ingawa dawa inajulikana. Nchini India, shirika la Pratham limewapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma badala ya umri, na wakasonga. Nchini Botswana, wakati wa korona yenyewe, simu za kila wiki kwa wazazi na watoto ziliinua hesabu. Wizara ya Elimu na ianze na Gredi ya 7 ya sasa: kila mtoto apimwe kusoma na hesabu za msingi, na anayehitaji atengewe saa ya kila siku ya kufundishwa kuanzia pale alipoachwa, bila aibu na bila silabasi kumkimbiza. Wana miaka 3 kabla ya sekondari pevu. Muda huo ukipita hivihivi, hatutakuwa na korona ya kulaumu.