Dalili ya Mvua ni Mawingu

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mimi niliyapuuza, nikamjibu mama, "Mvua wapi? Sisi tuko karibu na ikweta, jua halina mchezo!" Saa tisa alasiri mahindi ya karo yakalowa chapachapa uani.

Kumbe latitudo pekee haitoshi! Lodwar pia iko karibu na ikweta, lakini iko chini, mita 500 hivi tu, nako ni joto na ukame. Kabras yetu imepita mita 1,500, hewa ni baridi kidogo. Isitoshe, pepo zenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda miinuko ya Nandi, hupoa na kumwaga mvua.

Mahindi yaliota ukungu, nami nikakaa nyumbani wiki mbili. Wenzangu, siku hizi nikianika, natazama Nandi kwanza.