Moshi wa Makumbi na Pilipili za Lunga Lunga

Msafiri atokaye Likoni kwa barabara ya kusini huzipita Ukunda, Gazi na Msambweni, akayakata mashamba ya miwa ya Ramisi, na baada ya kilomita zipatazo 100 huingia Lunga Lunga. Hapo ndipo ardhi ya Kenya inapokoma, ingawa Wadigo hawakomi: wako upande huu, wako Horohoro ng'ambo ya mpaka, na wameenea hadi Tanga kwa lugha moja na kwa arusi zisizojali mpaka. Malori hupanga foleni kwenye kituo cha pamoja cha forodha, na mwenye haraka hununua machungwa ya Muheza akaendelea na safari yake. Sisi hatukuwa na haraka. Tulikwenda kuangalia pilipili.

Bahari haionekani kutoka mjini. Iko mbele, Vanga na Jimbo. Hapa ni nchi ya muhogo, mahindi, kunde na mikorosho, na nyuma ya nyumba nyingi, karibu na mahali pa kuoshea vyombo, hukosi kuona miche michache ya pilipili: kichaa zile ndogo zinazoelekea juu, mbuzi za duara zenye harufu yake, na zile ndefu nyembamba. Mahindi ya shambani huulizwa baba. Pilipili za uani huulizwa mama, na senti zake hufungwa katika pindo la leso. Zikitoka nyingi kwa pamoja, fungu huuzwa kwa bei ya kutupa. Zikiadimika, mama yule yule hununua sokoni kile alichokuwa akikigawa bure.

Kilichofaa ni kuzikausha zingoje bei, lakini pilipili zikiiva wakati wa mvua jua halitoshi. Atakayezianika juu ya jamvi hushinda akikimbizana na manyunyu, kuzitoa na kuzirudisha, na siku ya tatu huziona zimeanza kuota ukungu penye vikonyo. Hapo ndipo tuombapo wasomaji wetu wasituchukulie kuwa tunakuza mambo. Baadhi ya kuvu zinazoota juu ya vyakula vilivyokauka nusu huacha sumu isiyotoka kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walifariki dunia huko Ukambani kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na pilipili nayo ni miongoni mwa vyakula vinavyoweza kuipata. Mahindi yaliyooza huonekana. Pilipili iliyooza ikishasagwa haionekani, kwa kuwa unga wote ni mwekundu. Anayeusaga na kuuuza akijua hali yake amefanya ghushi, hata kama pakiti ni ya shilingi chache.

Mama aliyetukaribisha hahangaiki na jamvi msimu wa mvua. Ana pipa. Ni pipa la bati lililowahi kukaushia samaki kwa moshi, limetobolewa mlango chini na kutiwa vyuma viwili vya kuvuka juu, na juu ya vyuma hukaa wavu. Tulipovuta kigoda tukae karibu tuone vizuri, alicheka: “Maalim, hapo ulipokaa utalia.” Tukahamia upande unakotoka upepo, na huo ukawa mwanzo wa somo.

Jambo hili si geni kwetu kama linavyoweza kudhaniwa. Bibi zetu waliweka mahindi kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi wa kila siku ukayafukuza wadudu na kuyakausha hata katikati ya masika. Walifukiza mitungi ya maji ikanukia. Pilipili yenyewe ndiyo iliyokuja nyuma. Neno lake lilikuwako Pwani zamani kwa ajili ya pilipili manga, iliyofika na biashara ya Bahari ya Hindi. Hii nyekundu ni mzaliwa wa Marekani ya kale, na haikujulikana upande wetu wa dunia kabla ya safari za Wahispania na Wareno mwishoni mwa karne ya 15. Kule Mexico walikuwa wakiitia moshi tangu zamani, kwa sababu aina yao moja ina nyama nene mno kukauka kwa jua kabla ya kuoza. Wanaiita chipotle, neno la lugha ya wenyeji lenye maana ya pilipili ya moshi. Na huko Uhispania, katika bonde la La Vera, mvua za mwisho wa mwaka huwakuta pilipili zimeiva, kama sisi. Huzitandaza darini juu ya moto wa mwaloni kwa muda wa wiki mbili hivi, wakizigeuza kwa mkono. Watu hawa hawakuonana na bibi zetu wa uchaga, lakini mvua iliwafundisha jambo moja.

Sasa namna yake. Chagua zilizoiva nyekundu kabisa, zisizo na doa. Moja iliyooza huharibu wavu mzima. Zioshe, zifute zikauke. Zilizo nene, kama mbuzi, zipasue kwa urefu moshi upate kuingia. Kichaa ziache nzima. Zipange kwa tabaka moja, zisilaliane. Asiye na pipa anaweza kutumia jiko la kuchomea mishkaki, makaa yakisukumwa upande mmoja na pilipili zikikaa upande wa pili, kisha likafunikwa kwa karai kuukuu lililoachwa upenyo wa kupumulia. Pipa lililowahi kubeba rangi au dawa lisitumike, hata likioshwa mara saba.

Makaa yawe machache. Juu yake hutiwa makumbi ya nazi yaliyonyunyiziwa maji kidogo, pamoja na vipande vya mti wa mpera. Kazi yote iko katika kuutazama moshi. Ukiwa mwembamba, wa rangi ya samawati, unafanya kazi. Ukiwa mzito mweupe au wa manjano, moto unakosa hewa na pilipili zitalamba masizi na kuwa chungu. Joto liwe lile ambalo kiganja huweza kulistahimili juu ya wavu kwa kitambo kidogo. Mikono ikishindwa mara moja, pilipili zinaiva badala ya kukauka. Zigeuze kila baada ya muda, na baada ya saa nne au tano za moshi ziache zimalizike kwa joto la majivu, siku hiyo au ya pili yake, au kwa jua likijaliwa kutoka. Zimekauka zinapovunjika kwa mlio, na mbegu zikacheza ndani ukizitikisa. Zinazopinda bila kuvunjika bado zina maji, na hizo ndizo zitakazoota ukungu chupani.

Kuna sehemu mbalimbali Afrika ambako wakulima huchanganya pilipili na kinyesi cha mnyama, wakakausha na kuchoma, ili moshi wake uwafukuze ndovu mashambani. Watu wa Kwale wanaoishi na ndovu wa Shimba Hills wataelewa uzito wa dawa hiyo. Moshi unaomgeuza ndovu ukiingia katika jiko lenye dirisha moja, na mtoto mchanga amebebwa mgongoni, utamfanya nini? Kwa hiyo kazi hii si ya ndani kabisa. Ni ya uwanjani, mbali na milango, na mwenye pumu asiikaribie. Tena uangaliwe upepo. Wakati wa kusi moshi huelekea kaskazini, wakati wa kaskazi hurudi kusini, na katika kila upande kuna nyumba ya mtu. Mwenyeji wetu hamwambii jirani “vumilia.” Humtumia mtoto asubuhi amwambie aanue nguo, na jioni humpelekea pilipili za kutosha chungu kimoja. Nasi tunaona huyo ameijua haki ya jirani vizuri kuliko wengi wanaoihutubia.

Kuhusu kuni tulimuuliza kwa nini hatumii mikoko, iliyosifiwa tangu zamani kwa makaa makali na moshi wake. Alituonyesha rundo la makumbi akasema hilo halina askari. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali na haikatwi bila kibali. Zaidi ya hilo, huko Gazi wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilipwa tangu mwaka 2013 kwa kuihifadhi, kutokana na hewa ya ukaa inayozuiwa na misitu hiyo, na fedha zimesaidia maji na shule. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata njia hiyo hiyo. Mkoko uliosimama unamlipia mtoto daftari. Makumbi hutupwa kila siku katika nyumba inayokuna nazi, na mivinje iliyopandwa hutoa kuni nzuri. Maganda ya korosho tu ndiyo tunayoyakataza: yana mafuta makali, na moshi wake huwasha ngozi na macho.

Kusaga nako ni uwanjani, pua imefungwa leso, kinu kikiwa upande wa chini ya upepo. Mikono ipakwe mafuta kabla, kwa kuwa ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Baadaye ioshwe kwa sabuni mara mbili. Aliyeshika pilipili akaenda kutawadha bila sabuni, akasukutua na kuvuta maji puani, hahitaji kukumbushwa na sisi. Na aliyezidisha katika chakula anywe maziwa, maji hayamsaidii.

Tuliila siku hiyo juu ya muhogo wa kuchoma, imechanganywa na chumvi na ndimu. Ukali wake haukuwa mdogo, ila ulitanguliwa na harufu ya makumbi, na ukali ulifika polepole nyuma yake. Katika maharage ya nazi hutosha nusu kijiko cha chai. Katika mtsunga wa nazi, ambao una uchungu wake, tungeweka kidogo zaidi. Kwenye pilau hatuishauri. Moshi hugombana na bizari.

Huhifadhiwa nzima katika chupa kavu ya kioo yenye kifuniko cha kubana, mbali na mwanga, na husagwa kidogo kidogo kwa mahitaji ya wiki. Mwenyeji wetu huwauzia hivyo hivyo nzima, ili mnunuzi aione kila moja kabla ya kutoa pesa. Chupa aliyotupa ilikuwa ya jemu, na alitutaka tuirudishe ikiisha.