Mahindi ya Uwanja wa Ndege

Ukisikia "uwanja wa ndege" usifikirie lami, mnara na foleni ya kukaguliwa mizigo. Huu ninaousema ulikuwa mkanda wa nyasi katikati ya shamba la mkonge mkoani Tanga, urefu kama mita 1,000 na upana 30. Piga hesabu mwenyewe: hekta 3, yaani ekari saba na ushee. Ndege ndogo ya injini moja ilishusha wakubwa, wanakijiji wakaishia kuifyekea nyasi. Leo pana mahindi.

Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miaka ya 1960 tulizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakadorora. Wakubwa waliacha kuja kwa ndege. Mwishowe mwenye shamba akapitisha trekta kwenye ule mkanda, akakodisha vipande kwa wanakijiji.

Safi kabisa, si ndiyo? Ardhi ya wachache imegeuka ugali wa wengi. Lakini subiri kwanza.

"Mwanangu, hebu angalia mwenyewe," aliniambia mama mmoja aliyekodi kipande pale. Mahindi yake yalinifika kiunoni. Ya jirani yake, hatua ishirini tu nje ya mkanda, yalikuwa yamenipita kichwa. Mbegu ile ile, mvua ile ile, na kodi ile ile.

Sababu haina uchawi wowote. Ili ndege itue salama, ardhi lazima iwe ngumu. Pale walikwangua udongo wa juu, wakamwaga changarawe, wakashindilia kwa rola, kisha matairi yakamalizia kazi kwa miaka. Trekta la kawaida linageuza sentimita kama 20 tu. Chini yake limebaki gamba kama sakafu: mizizi ikifika pale inakata kona, mvua ikizidi maji yanatuama, na jua likiwaka wiki mbili majani yanajikunja.

Dawa ipo na inajulikana. Ni kulipasua lile gamba kwa jembe refu la trekta udongo ukiwa mkavu, kumwaga samadi, na kupanda mbaazi, maana mzizi wake unazama chini sana. Tatizo ni nani alipe. Mwenye shamba ana haraka gani, ikiwa kodi inaingia hata mahindi yakidumaa? Na mpangaji wa msimu mmoja atamwagaje samadi kwenye ardhi ambayo mwakani anaweza kupewa mwingine?

Mimi naona suala ni dogo na linawezekana. Waliopangiwa kwenye mkanda walipe nusu, na wapewe mkataba wa miaka mitano. Ndani ya muda huo ardhi itapona, na atakayefaidi zaidi ni mwenye shamba mwenyewe. Bila hivyo, maskini ndio wanaoikarabati ardhi ya tajiri, tena wanalipia nafasi hiyo.

Yule mama ameshaanza. Katikati ya mahindi yake yaliyodumaa amechomeka mbaazi, mistari minne. Mbaazi za kule huchukua zaidi ya nusu mwaka kukomaa. Kodi yake inaisha kabla ya hapo.