Meza Moja Katika Nyumba ya Makumbusho

Wengi mmetuuliza habari za safari yetu ya London, mume na mke. Mengi twayaacha kwa siku nyingine. Leo twataka kuwaeleza habari za chakula tulichokula katika nyumba ya makumbusho, kwa kuwa pale tulipata fundisho ambalo hatukulitafuta.

Nyumba hiyo huitwa Victoria and Albert Museum, nayo iko mtaa wa South Kensington. Ilifunguliwa mahali hapo mwaka 1857, na jina ililo nalo sasa ilipewa mwaka 1899. Kuingia ni bure. Ndani yake mna kazi za mikono ya watu wa nchi nyingi: nguo, mazulia, vyombo vya udongo, vya fedha na vya mti. Tulianza kutembea saa nne asubuhi, na ilipofika saa saba miguu ilikuwa imekataa. Tukamwambia kijana wetu, "Tupeleke mahali pa kula." Kijana huyo ni mwana wa jirani yetu, anasoma chuo huko, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu siku ile.

Tulidhani tutaona chumba cha kawaida chenye meza na viti. Kumbe, ni vyumba vitatu, na kila kimoja ni kazi ya fundi! Kile kikubwa cha katikati kimefunikwa vigae ving'aavyo, nguzo na kuta pia. Godfrey Sykes ndiye aliyekianza, akafa mwaka 1866, na James Gamble akaendeleza kazi yake. Kwa hiyo chumba hujulikana kwa jina la Gamble. Cha pili ni cha rangi ya kijani, kazi ya William Morris na wenzake. Cha tatu kina vigae vya buluu, vilivyochorwa na wanawake waliokuwa wakijifunza ufundi palepale.

Mkuu wa kwanza wa nyumba hiyo, Henry Cole, alitaka watu wa kazi nao waje, si matajiri peke yao. Kwa hiyo ziliwekwa taa za gesi, nyumba ipate kufunguliwa hata jioni, baada ya saa za kazi. Na mahali pa kula pakafanywa, mtu asirudi kwake kwa ajili ya njaa. Husemwa ya kuwa hii ndiyo nyumba ya makumbusho ya kwanza duniani kuwa na mkahawa wake. Lakini hata hapo watu waligawanywa. Palikuwa na orodha ya vyakula ya daraja la kwanza, na nyingine ya daraja la pili. Na daraja la tatu lilikuwa la mafundi na vibarua wa nyumba hiyo, na la wageni maskini.

Siku hizi hakuna daraja. Wote husimama katika safu moja, kila mtu na sinia yake. Nasi tukanunua chai na skonzi. Skonzi za huko si kama zetu: ni nzito kidogo, zina zabibu kavu, nazo hupakwa jamu na krimu. Kijana akatubebea sinia, akatuwekea mezani, kisha akasimama kando. Tukamwambia, "Keti, ule." Akajibu, "Kuleni tu, Baba. Mimi nimeshiba." Nasi tukala.

Mama wa nyumba yetu akainua macho, akaona herufi kubwa zimezunguka juu ya ukuta. Akauliza, "Mwanangu, yale yameandikwaje?" Kijana akasoma kwa Kiingereza, kisha akasema, "Ni ya kitabu cha Mhubiri, Mama, sura ya 2, mstari wa 24. Maana yake, ni vema mtu ale na anywe, na roho yake ifurahie kazi aliyoifanya."

Mama akaweka kikombe chini. "Na wewe uliyetuongoza tangu asubuhi, umeshiba tangu saa ngapi?"

Kijana akatazama chini, asijibu. Ndipo tulipofahamu. Bei za pale ni kubwa kwa mwanafunzi, naye aliona haya kutuomba. Chini ya maneno yale yale tulikuwa tumefanya daraja la tatu kwa mikono yetu wenyewe, wala hatukuliona. Tukavuta kiti, tukaikata skonzi iliyosalia, tukarudi katika safu kumnunulia chai na chakula chake. Akala kama mtu mwenye njaa hasa, na mazungumzo yakawa matamu.

Wazazi na waalimu, tangu turudi tumeitazama meza yetu kwa macho mengine. Je, msichana anayetupikia hula wapi, na hula nini? Na mtoto wa ndugu tunayemlea, na mgeni asiye na viatu? Wako wasemao, "Nimeshiba," kwa sababu hakuna aliyewavutia kiti. Yule aliyetia maneno yale ukutani alifanya vema, lakini ukuta haumwiti mtu kula. Anayemwita ni mwenye meza.