Mkanda Unasema Mbele ya Kukatika

Hapa kwetu Salamabila mashini moja ya kusaga inalisha nyumba nyingi. Hii inasaga muhogo. Ile karibu na mashimo inasaga mawe ya dhahabu. Zote zinategemea kitu kimoja: mkanda wa mpira unaotoka kwenye mota na kuzungusha puli. Ukikatika, mama anarudi bila unga na kijana anaambiwa, "Kuja kesho." Mkanda mpya unatoka mbali, na wakati wa mvua njia unaijua mwenyewe.

Nimekaa karibu na mashini hizo miaka mingi. Mkanda haufi gafula. Unasema kwanza, ila unasema katikati ya kelele.

Basi zima mota, ungoja isimame kabisa. Mkanda wa umbo la V unashika kwa mbavu zake mbili, si kwa tumbo. Mbavu ziking'aa kama kioo, unateleza. Tumbo likigusa chini ya mfereji wa puli, umekwisha. Ukunje kidogo: ukiona nyufa ao nyuzi, tafuta mwingine mapema. Usukume katikati kwa kidole gumba: puli zikiachana mita 1, ushuke kama milimita 16. Ukilegea unaungua, ukikazwa mno, beringi zinakufa. Nyoosha kamba mbele ya puli mbili, uone kama zinalingana. Mazutu na grisi ni adui wa mpira. Na ile sabuni wengine wanapaka ili usilie, inanyamazisha shahidi tu, ugonjwa unabaki.

Ninyi vijana, musiingize mkanda mpya kwa nguvu ya chuma. Legezeni mota, isogee, mkanda uingie wenyewe. Ikiwa miwili ao mitatu kwenye puli moja, badilisheni yote pamoja, maana mpya utabeba muzigo peke yake. Kesho yake mukaze tena, kwani mpya hunyooka.

Na wewe mwenye mashini, funika mkanda. Mahali pamoja niliona kitenge cha mama kikishikwa alipoinama kuchukua beseni lake. Fundo likafunguka: kitenge kikaenda, mama akabaki. Je, kama angekuwa na mtoto mgongoni? Mbao chache na misumari zinatosha.

Mkanda utaagizwa Kasongo ao Bukavu. Mkono hauagizwi popote.